Kikombe cha Bati na Maji ya Rejeta

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Gwantwa alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kupika uji, na kuangalia maji ya rejeta katika pikapu ya baba yake. Baba yake, Yesaya, alifungua boneti injini ikiwa bado baridi kama jiwe la mtoni. Gwantwa alipanda juu ya tofali, akazungusha kifuniko cha rejeta na kuchungulia ndani.

"Vipi maji?" baba aliuliza huku akifunga kamba za turubai.

"Yamejaa, baba."

"Haya. Na kumbuka, kifuniko hicho ni cha asubuhi tu. Injini ikiwa moto, usikiguse."

"Nimesikia, baba."

Pikapu iliondoka kwenda kubeba viazi na maharage, na nyumba ikabaki kimya. Kimya hicho ndicho kilichomtesa Gwantwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, hana kaka wala dada, na mama yake, Enesi, alikuwa Isongole, wilayani Ileje, akimuuguza bibi aliyeanguka na kuvunjika nyonga. Akitoka shule, Gwantwa alifungua kufuli mwenyewe, akapika mwenyewe, akala mwenyewe. Nje, malori yalipanga foleni kungoja kuvuka mpaka, watu wakiitana kwa Kiswahili na Kibemba. Mji mzima wa Tunduma ulikuwa ukipiga kelele, lakini hakuna aliyeita jina lake.

Alichokuwa akikihesabia siku ni Jumamosi. Kila baada ya wiki mbili baba alikwenda Isongole kuchukua mzigo, na Gwantwa alikwenda naye, akashinda na mama yake.

Basi, asubuhi moja alikuta maji ya rejeta yamepungua kidogo. Alichukua kikombe cha bati alichokuwa akinywea mama yake, akaongeza nusu kikombe. Baba alikuwa upande wa nyuma, hakuona. Alipouliza, Gwantwa alijibu, "Yamejaa, baba." Na kweli yalikuwa yamejaa.

Wiki iliyofuata ilihitajika kikombe kizima. Wiki ya tatu, kikombe na nusu. Karibu kila asubuhi Gwantwa aliongeza, na kila siku alijibu vilevile.

Mtu wa pekee aliyemwambia ni rafiki yake Mercy, aliyekaa naye dawati moja.

"Heee! Na hujamwambia baba yako?" Mercy alishangaa.

"Nikimwambia, gari litalala gereji. Mara ya mwisho lilikaa siku kumi. Jumamosi ya mama itanipita."

"Na likifia njiani?"

"Halifi. Si naongeza maji kila siku?"

"Haya, fundi wa kikombe," Mercy alimtania. "Lakini mimi ningesema."

Gwantwa alinuna, akageukia dirishani. Ni rahisi kusema hivyo, aliwaza, kwa mtu anayemkuta mama yake nyumbani kila jioni.

Jumamosi ikafika. Asubuhi hiyo rejeta ilikunywa vikombe viwili. Gwantwa alikitia kikombe katika mfuko wake pamoja na chupa ya maji, kwa tahadhari, akajibu, "Yamejaa, baba," wakaondoka. Walipoiacha Mpemba na kuanza kupanda milima ya Ileje, moyo wake ulichangamka. Alikuwa amepanga maneno yote atakayomwambia mama.

Katikati ya mlima mrefu, mshale wa joto ulipanda hadi kwenye rangi nyekundu. Baba aliegesha pembeni na kuzima injini. Akafungua boneti, mvuke ukampiga usoni.

"Ajabu hii," alisema. "Asubuhi si rejeta ilijaa?"

"Ilijaa, baba."

"Basi sijui. Nakwenda kijitoni kuchota maji. Kaa mbali na gari, ungoje lipoe."

Alichukua dumu akateremka bondeni. Gwantwa akabaki peke yake barabarani, upepo wa mlimani ukipiga majani. Hofu ikamshika. Baba akirudi na kuona rejeta tupu, atajua kila kitu. Watageuza gari. Mama atasubiri mpaka jioni bila kuwaona. Lakini kama angejaza kabla baba hajarudi...

Alitoa chupa na kikombe. Akaviringisha mkononi kanga aliyojitanda, akashika kifuniko, akazungusha.

Watoto mnaosoma haya, rejeta ya moto ni kama sufuria iliyofungwa barabara, ikachochewa kuni bila kupumua. Kifuniko kiliruka. Maji ya moto na mvuke vilitoka kwa kishindo. Ashukuriwe Mungu, Gwantwa alikuwa amegeuza uso. Lakini mkono wake uliungua kutoka kiganja hadi karibu na kiwiko.

Kilio chake kilimleta baba mbio. Mama mmoja aliyepita na mzigo wa kuni akasema, "Mpake dawa ya meno, baba, itampoza!"

"Ahsante, mama, lakini hapana," alijibu Yesaya huku akiumiminia mkono wa binti yake maji baridi ya dumu. "Maji kwanza, mengi. Dawa atatoa muuguzi."

Alimimina polepole kwa muda mrefu, akateremka tena kuchota, akarudi kumimina. Ndipo alipokiona kikombe kwenye majani.

"Gwantwa, kikombe cha mama yako kinafanya nini hapa?"

Gwantwa alilia upya, na safari hii si kwa maumivu ya mkono. Akasema yote, tangu nusu kikombe hadi vikombe viwili. Baba alisikiliza, hakumkemea. Alikaa juu ya jiwe, akashika kichwa.

Injini ilipopoa kabisa, walijaza maji, wakateremka taratibu hadi zahanati. Siku hiyo hawakufika Isongole.

Gari lilipelekwa kwa fundi Barnaba, mzee mwenye maneno machache. Alichomoa kijiti cha oili, akakitazama.

"Oili ni safi. Maji yangeingia humu, ingekuwa kama chai ya maziwa. Moshi nao si mweupe, kwa hiyo maji hayaungui ndani ya injini." Akatandaza boksi chini ya injini linase matone, akaliacha. Jumatatu, Gwantwa alipotoka shule, walilikuta kavu, halina hata doa.

"Mbona hakuna tone?" aliuliza Yesaya. "Maji yanapaa?"

Fundi alimgeukia Gwantwa. "Binti, ulikuwa unaongeza kiasi gani?"

"Nusu kikombe, babu. Kisha kimoja. Kisha kimoja na nusu. Jumamosi viwili."

"Na gari likishinda bila kutembea?"

Gwantwa alifikiri. "Jumapili halitembei. Kesho yake nilikuwa siongezi kitu."

"Ahaa! Basi linavuja likiwa kazini tu, injini ikiwa moto na maji yanasukuma kwa nguvu."

Fundi alifunga pampu ndogo ya mkono kwenye mdomo wa rejeta, akasukuma hewa ili ibane maji kama injini ikiwa moto, wakangoja. Baada ya muda, tone moja lilichungulia kwenye tundu dogo chini ya pampu ya maji, ile inayoyazungusha ndani ya injini, mahali palipokuwa na ukoko mweupe. Likakua, likadondoka.

"Huyo hapo," alisema Barnaba. "Tone linakauka kwenye joto la injini kabla halijafika chini. Pampu ya maji imechoka. Baba Gwantwa, mtoto wako alikuwa na jibu lote, ila alifunga mdomo."

"Nami nilikosa," alisema Yesaya. "Niliuliza kama maji yamejaa. Sikuuliza ameongeza kiasi gani."

Pampu mpya ilifungwa, na Jumamosi iliyofuata walifika Isongole. Mama, ambaye Yesaya alikuwa amemsimulia yote kwa simu, alimpokea Gwantwa mlangoni, akaushika ule mkono wenye bandeji, akautazama.

"Mwanangu, ungekuwa uso, je? Ungekuwa macho?" alisema. "Ulisema 'yamejaa', na yalikuwa yamejaa. Lakini ukweli uliokatwa nusu huunguza sawa na uongo. Kinachopungua kidogo kidogo kiseme kikiwa bado kidogo. Ukikifunika, kitakungoja mlimani."

Gwantwa aliinamisha kichwa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, jioni nyumba inakuwa kubwa sana. Naogopa."

Mama aliketi chini pole pole. "Hilo nalo umelifunika tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka."

Mama alimvuta kifuani, akamwita Yesaya aje asikie naye. Siku hiyohiyo walimpigia simu mama yake Mercy, akakubali kwa furaha: Gwantwa akitoka shule atakwenda kwake, ale na watoto wenzake, hadi baba atakapompitia.

Wakati wa kuondoka, mama alikipokea kikombe cha bati ambacho Gwantwa alikuja nacho, akakiosha, akamrudishia.

"Chukua," alisema. "Ukilazimika kuongeza hata tone moja, mwambie baba yako siku hiyohiyo. Na ukilia, nipigie mimi."