Daktari wa Maharage Aingia Chamani

Nyumbani kwetu tuko watatu: mimi, mume wangu na mjukuu wetu. Mume wangu ni fundi cherehani aliyestaafu, ila mdomo wake bado uko kazini. Mjukuu wetu ni mtafiti wa chakula. Mtaani wanamwita Daktari wa Maharage. Mimi wananiita Bibi wa Daktari, na sijawahi kukataa.

Kazi yake ni kutafuta njia ya kuzuia maharage yasibunguliwe. Wewe unayajua hayo. Unavuna, unahifadhi, unajisifu. Baadaye unafungua gunia, kila punje ina tundu. Ukipika, wadudu wanaelea juu ya maji kama wameenda kuogelea.

Siku moja mjukuu alileta ndoo zenye mifuniko, akazipanga chumba cha mbele. Kila ndoo ilikuwa na maharage nusu, na wadudu wachache ndani.

"Wadudu nyumbani kwangu?" nikamaka. "Mimi nawafukuza miaka yote, wewe unawakaribisha?"

Akacheka. "Bibi, sikiliza. Mdudu hutaga mayai katikati ya maharage. Buu likitoka kwenye yai linataka kutoboa punje. Lakini haliwezi kutoboa bila kujibana kati ya punje mbili, na kazi hiyo huchukua saa nyingi. Ukiilaza ndoo na kuiviringisha sakafuni, buu linaanguka. Linaanza upya. Jioni unaviringisha tena. Mwishowe linakufa kwa kuchoka."

"Kama mimi na babu yako," nikamwambia.

"Wasomi wengine walishaona hivyo. Mimi nataka kujua kama itafaa kwa ndoo zetu na nyumba zetu. Kwa hiyo ndoo za alama nyekundu nitazigeuza asubuhi na jioni. Za alama nyeupe zitakaa tu. Mwisho nitalinganisha."

Siku ya kufungua ikafika. Ndoo nyekundu, maharage safi. Nikapiga vigelegele. Akafungua nyeupe. Safi vilevile. Nikapiga tena.

"Acha, bibi," akasema. "Kama zisizogeuzwa nazo ni nzima, basi kugeuza kumesaidia nini? Labda wadudu walikuwa wagonjwa. Labda maharage yalikauka mno. Sijui, na sina wa kumuuliza."

Mume wangu akakohoa, akatoka nje. Nikadhani ni huruma.

Mambo yalikuwa mabaya. Mkubwa wake wa kazi alikuwa amehamishwa, na mjukuu alibaki peke yake. Kituo cha utafiti kilikuwa kimemwambia: mwaka ukiisha bila jibu, chumba chake cha kazi pale kituoni anapewa mtu mwingine. Mjomba wake alikuwa tayari kumweka dukani auze vipodozi. Msichana aliyesoma vile, aende kuwauzia watu wanja!

Jirani yetu, Mama Maabara, akaja kuazima chumvi. Yeye anafanya kazi kwenye maabara ya chuo. Akamkuta mjukuu amevimba macho.

"Umejiunga na chama cha watafiti wa kilimo na chakula?" akamuuliza.

"Bado. Nilisema nitajiunga nikishakuwa na jambo la maana la kusema."

"Mwanangu, hiyo ni sawa na kusema nitaenda hospitali nikishapona!"

Nikaingilia. "Hicho chama kinafanya nini? Kinazika watu?"

"Hakiziki, bibi, kinafufua," Mama Maabara akajibu. "Watafiti wamejiunga wasaidiane. Wana mkutano kila mwaka. Wana jarida lao la kuchapisha kazi, na kazi haichapishwi mpaka wenzako waipekue. Mkubwa anamshika mkono mdogo. Na mwenye wazo zuri asiye na vifaa, wanamtafutia."

"Kwa hiyo nikasimame mbele ya wataalamu niseme jaribio langu limekufa?" mjukuu akauliza.

"Ndiyo. Mficha uchi hazai."

Mimi nilikuwa naona afiche. Watu wakijua umeshindwa, si watakusema? Lakini alijiunga. Siku ya mkutano tulikwenda wote watatu. Nilivaa viatu vyangu vya kubana, tayari kugombana na yeyote atakayemcheka.

Ukumbi ulijaa mabango. Kila mtafiti alisimama kando ya bango lake, na watu walipita wakiuliza. Kulikuwa na bwana wa samaki, dada wa maziwa, na kijana mmoja wa mbolea ambaye, nashukuru, hakuja na sampuli.

Profesa mmoja wa wadudu, mama mfupi mwenye miwani mikubwa, akasimama mbele ya mjukuu wetu. Akasoma bango lote, taratibu.

"Ndoo nyeupe zilikuwa wapi?"

"Nyumbani, mama. Chumba cha mbele."

"Nani alizilinda zisiguswe?"

Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa.

"Mzee," profesa akamgeukia mume wangu, "wewe unakaa nyumba hiyo?"

"Nakaa."

"Uligusa ndoo?"

"Kugusa? Niliziviringisha! Kila mtoto akitoka. Nilimwona anahangaika na nyekundu, nyeupe kaziacha tu. Nikasema hapana, hizi nazo zina haki yao."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilitamani sakafu ipasuke, ila immeze yeye kwanza.

"Na mtoto alipolia, ukanyamaza?" nikamuuliza.

"Niliogopa mwiko wako," akasema.

Lakini profesa hakucheka. Alimshika mjukuu bega. "Jaribio lako halijafa. Ndoo zote ziligeuzwa, na zote zimepona. Hiyo ni dalili nzuri. Ila dalili bado si ushahidi. Lazima urudie, na chumba kifungwe."

Hapo ndipo nilipokiona chama. Bwana wa samaki alisema ana chumba kwenye kituo chao, kule kwenye joto. Dada wa maziwa alisema kwao kuna baridi, ajaribu na huko. Mtu wa hesabu akasema: "Atakayehesabu punje zilizotobolewa asijue ndoo ipi iligeuzwa. Macho huona yanachotaka kuona." Chama kikatoa ndoo na maharage. Viongozi wake wakaenda kuzungumza na kituo, wakamwombea mjukuu msimu mmoja zaidi.

Safari hii ndoo za nyumbani alizifungia chumba cha mbele, ufunguo akakaa nao mwenyewe. Mume wangu alikuwa akipita, anaugusa mlango kwa huzuni.

Siku ya kufungua, sikupiga vigelegele mapema. Ndoo zisizogeuzwa zilikuwa matundu matupu. Zilizogeuzwa zilikuwa na punje mbovu chache tu. Kule kwenye joto hivyohivyo, kule kwenye baridi hivyohivyo. Hapo nikapiga mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa.

Akaandika. Wapekuzi wa jarida wakairudisha kazi na maswali mengi. Akanuna.

"Nuna, lakini ujibu," Mama Maabara akamwambia. "Anayekuuliza amekusoma."

Akajibu yote. Kazi ikachapishwa kwenye jarida la chama, jina lake mbele, na majina ya waliomsaidia yakifuata. Mkuu wa kituo alikuja mwenyewe kumwambia chumba ni chake, na akamwongezea meza, maana sasa kuna mtafiti mwingine anayekuja kujifunza kwake.

Mabwana shamba wanaifundisha njia hiyo. Kausha maharage yako vizuri. Yatie kwenye ndoo yenye mfuniko, nusu tu, ili yapate nafasi ya kucheza. Viringisha asubuhi, viringisha jioni. Usiruke siku.

Juzi mgeni wa jirani aliamka na jua, akatoka nje amekunja uso. Nyumba hadi nyumba, ndoo zilikuwa zinanguruma sakafuni.

"Bibi, hizi kelele za nini mtaani kwenu?"

"Kelele?" nikamwambia. "Keti hapa nikueleze. Huyo ni mjukuu wangu."