Viti Vinne vya Lancia

Mnada wa Katesh ulikuwa umefurika watu na ng'ombe, na vumbi lilikuwa limemganda Kissa hadi kwenye kope. Akatua pochi yake juu ya boneti ya gari refu la rangi ya damu ya mzee.

"Dada, samahani, usiweke pochi hapo. Utalichubua."

"Kwani ni lako?"

"Bado," alijibu Hermani. Macho yake yakahama kutoka kwenye gari, yakaja kwake, yakakaa.

Lilikuwa Lancia la zamani, la Kiitaliano: milango miwili, viti vinne vya ngozi, usukani wa mbao. Mwitaliano mmoja mchimba visima alikuwa akirudi kwao, naye hakutaka kumwachia mtu asiyelipenda. Nani mwenye akili timamu ananunua gari la chini namna ile kwa barabara za Mbulu? Hermani, mkulima wa vitunguu swaumu wa Bashay, ndiye huyo. Alifungua mlango taratibu, akamwambia Kissa anuse viti.

"Mh! Vinanukia viatu vipya vya Pasaka."

Kissa alikuwa muuguzi wa zahanati kule Mogitu, mzaliwa wa Tukuyu. Simu zikaanza jioni ile ile.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Na mke mwenzangu, yule mwekundu?"

"Anasubiri vitunguu vikomae."

Siku alipompeleka Bashay, Hermani alimwonyesha mtamba mwenye sikio jeupe. "Huyu ni wa mahari yako. Anaitwa Kissa." Kissa wa miguu miwili akalia kwa furaha.

Vitunguu vikauzwa, Lancia likanunuliwa. Wiki hiyo hiyo Kissa akamwona mtamba wake pale Mogitu, akiswagwa na mzee asiyemjua. Akampigia Hermani simu.

"Umeuza mahari yangu ununue gari! Basi lioe hilo!"

"Kissa, nisikilize..."

Akakata simu, akaifungia namba yake. Alilia mpaka macho yakavimba, na alikuwa bado anampenda, hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mvua zilipoanza, mzee yule akaingia zahanati na kibuyu cha maziwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Gidahosh, rafiki wa Hermani. Mtamba wako amezaa jike. Nimekuletea uonje."

"Si ulimnunua?"

"Nimnunue! Huku kwetu ng'ombe hawakai zizi moja. Ugonjwa ukiingia, utabaki na nini? Unampa rafiki akutunzie. Maziwa yangu, ndama wako."

Kissa, mgeni wa watu, hakuwahi kuisikia desturi hiyo. Akaifungulia namba ya Hermani, akapiga.

"Hermani, uko wapi?"

"Nyumbani. Nalifuta gari."

"Njoo nalo. Na unisamehe, mpenzi wangu."

Lancia likafika limejaa tope mpaka vioo. Kwenye viti vya nyuma walikaa baba yake Hermani amevaa koti la Krismasi, na shangazi Imakulata na kitenge kipya.

"Tunakwenda Tukuyu kukuposa," alisema Hermani. "Kiti cha mbele ni chako, ukikubali."

Kissa alimtazama, machozi na kicheko vikashindana. Kisha akainua pochi yake, akaitua juu ya boneti, akakimbilia ndani kufungasha nguo.

Hermani akaiangalia ile pochi. Hakuiondoa.