Gunia Ndani ya Kijito

Maji yalikuwa maangavu kabisa, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Anselmi. Alikuwa amepanda mlima kwa miguu kutoka Mgeta, viatu vimejaa udongo, kuja kuchunguza kijito kilichotiwa sumu, na kijito chenyewe kilikuwa kinameremeta.

"Macho hayaoni kilichoyeyuka, afande," alisema Salum, fundi wa maji, akichovya kipimo. "Wiki iliyopita nilipata thelathini na tano. Leo elfu moja na mia nne."

"Za nini?"

"Miligramu kwa lita. Ni chumvichumvi. Mhandisi wa mradi wa bomba akija kesho akayakuta maji hivi, bomba linakwenda kijiji cha jirani."

Aliyeita polisi ni Bi Mwaisha, mwenyekiti wa kamati ya maji. Zahanati ya kijiji haikuwa na tone la maji. Wajawazito walikwenda kujifungua kila mmoja na dumu lake, na mama huyu alikuwa amechoka kuliona jambo hilo.

"Shikamoo, mama. Unamshuku nani?"

"Marahaba. Hatibu, wa kijiji cha jirani. Kamfunge."

Anselmi akapoteza asubuhi nzima kwa Hatibu, na kumbe mtu mwenyewe alikuwa msibani Gairo tangu wiki iliyopita. Akarudi kuwahoji wenye bustani za kando ya kijito.

"Ulikuwa wapi juzi?"

"Shambani, afande."

"Hapa hapa? Hukuona mtu?"

"Nilikuwa nimeinama."

Wote walikuwa wameinama! Anselmi alitamani kupiga kelele.

"Watu hawasemi," alimwambia Salum. "Tupande na kipimo chako."

Wakapanda, Salum akichovya kila baada ya hatua chache. Elfu moja na mia nne. Elfu moja na mia sita. Walipoipita bustani moja yenye matuta ya mawe, namba ikaanguka: thelathini na tano.

"Ni hapa katikati," alisema Salum.

Anselmi akaingia majini na viatu vyake, akapapasa chini ya mawe, akavuta gunia. Ndani mlikuwa na chumvi ya mawe, nusu imeshayeyuka. Mdomo wa gunia ulikuwa umeshonwa vizuri kwa uzi mwekundu na wa buluu uliosokotwa pamoja.

"Ndivyo wanavyoshona magunia ya karoti," alisema Salum. "Kila mkulima ana uzi wake, ili dalali wa Dar ajue mzigo ni wa nani."

Wanakijiji walikuwa wamekwishakusanyika. Anselmi akaliinua gunia. "Uzi wa nani huu?"

Wote wakageuka kutazama maji.

"Kijiji kizima mnashona magunia, halafu hakuna anayeujua uzi?"

"Afande, tuyaache," alisema Bi Mwaisha kwa sauti ndogo. "Nafuta malalamiko."

"Mama! Asubuhi ulitaka nimfunge Hatibu!"

Bi Mwaisha akainamisha kichwa. Nyuma yake mzee mmoja akaweka jembe chini. Alikuwa Sufiani, mumewe.

"Uzi ni wangu."

"Gunia la kuficha, mzee, unalishona la nini?"

"Mkono umezoea. Gunia likijaa, nashona." Akajifuta uso. "Kwanza nilivuruga tope. Kipimo cha fundi hakikusogea. Ndipo nikatia chumvi."

"Kwa nini?"

"Maji yakichukuliwa kwa bomba, hairuhusiwi kulima ndani ya mita sitini kutoka kijitoni. Bustani yangu inaisha yote. Ardhi ni ya ukoo wa mke wangu, kwetu ardhi hufuata upande wa mama. Lakini mawe haya niliyapanga mimi, binti yetu Nasra hajazaliwa. Mwenzangu akasimama mkutanoni akaitoa kwa ajili ya bomba, nami nikasikia pamoja na watu wengine."

Salum alichovya tena. "Inashuka. Kesho yatakuwa mazuri." Hakuna aliyeshangilia.

Anselmi akamshika mzee mkono ili wateremke kituoni. Bi Mwaisha akawazuia njia, machozi yanamtoka.

"Baba Nasra, ningekuuliza, ungekubali?"

"Nisingekubali," alisema mzee. "Lakini ungeniuliza."