Sukari ya Mtoto Eliane

Jumanne asubuhi Eliane, mtoto wa miezi saba, alikutwa amekufa ndani ya nyumba yao ya udongo huko Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Macho yalikuwa ya manjano, tumbo limevimba. Kabla ya saa sita mama yake, Vanessa, alikuwa mahabusu. Aliyemshtaki ni mama mkwe wake, Sidonie.

"Mutoto wa kwanza alimufia mikononi. Sasa huyu," Sidonie alimwambia Sajini Nehemiya, mpelelezi wa kituo. "Yeye njo anapikaka ule uji. Nani mwengine?"

Uji ulikuwa wa soya. Madaktari wa Mbarara walikuwa wamekataza maziwa yote, hata ya mama, kwa sababu mwili wa Eliane haukuweza kuyatumia. Vanessa alikuwa ameacha kunyonyesha, maziwa yakakauka zamani. Jumatatu zahanati ilipima mkojo wa mtoto kwa karatasi ya sukari, na karatasi haikubadilika rangi. Hakuna sukari, wakasema, basi hakunywa maziwa. Ikabaki sumu.

Jumatano Nehemiya alichukua mkojo uliobaki, akaupeleka Mbarara kwa Doriane, mkuu wa maabara. Doriane aliuchanganya na dawa ya buluu, akachemsha. Buluu ikawa kijani, kisha nyekundu kama tofali.

"Sukari ipo," alisema.

"Karatasi ilisema haipo."

"Karatasi inatambua glukosi peke yake. Hii ni galaktosi. Zote mbili zina kaboni sita, hidrojeni kumi na mbili, oksijeni sita. Ni isoma. Zinatofautiana kwenye kaboni ya nne tu: tukizichora, kundi moja linaelekea chini kwa glukosi, juu kwa galaktosi. Karatasi inaona tofauti hiyo. Dawa yangu haijali."

"Galaktosi imetoka wapi?"

"Kwenye maziwa. Sukari ya maziwa ni glukosi na galaktosi zilizoshikana. Wewe ukinywa, ini lako linaigeuza galaktosi kuwa glukosi, unapata nguvu. Eliane hakuwa na kimeng'enya cha kuigeuza. Ikajaa, ikaharibu ini."

"Uji wa soya hauwezi kuileta?"

"Hauna sukari ya maziwa. Mtu alimpa maziwa, Sajini. Na ini haliharibiki hivi kwa mara moja."

Alhamisi, kwenye mji mdogo wa Rwekubo ulio jirani, Nehemiya alimsimamisha Gervais, Mrundi anayeleta maziwa kwa pikipiki kutoka Masha.

"Kwa Sidonie wananunua?"

"Yule mama kila siku, ya chai. Lakini wiki iliyopita alikuwa Masha anavuna maharage. Amerudi kwa msiba."

"Basi hukuuza kitu pale."

"Niliuza, Afande. Ulrich, mwanawe, alichukua kikombe Jumapili. Huyo hanunui mpaka akaribie kuitwa ofisi ya wakimbizi. Nilimtania, nikamwambia unakunywa maziwa ili upendeze kwa wazungu? Hakucheka."

Nehemiya alienda mahabusu.

"Alikuwa amepona, Afande," Vanessa alisema. "Alikuwa anacheka. Lakini kila tukikaribia miadi ya safari ya kuhamia ng'ambo, anatapika tena."

"Ukienda kuchota maji, nani anabaki naye?"

"Baba yake."

Ulrich alikuwa ameketi kwenye mkeka wa msiba, Sidonie kando yake.

"Bwana Ulrich," Nehemiya alisema, "maziwa ya kile kikombe cha Gervais aliyanywa nani?"

Ulrich alitazama mkeka.

"Jina letu lilipanda kwa liste ya safari sababu ya mutoto mugonjwa," alisema. "Kisha daktari akasema anaendelea muzuri. Batu ba hapa banangoja miaka mingi. Nikaona bakimukuta muzima, batatushusha."

"Ukampa maziwa."

"Kijiko, Afande. Aonekane mugonjwa siku ile tu. Nikiacha, anapona. Mara mbili alipona."

"Ukaacha mkeo afungwe."

"Niliogopa."

Sidonie alijisogeza mbali na mwanawe mpaka akatoka kwenye mkeka, akakaa kwenye vumbi. Nehemiya alimfunga Ulrich pingu. Alikuwa ameshauliza ofisini: safari ilikuwa ya matibabu ya Eliane. Mtoto hayupo, na safari haipo tena.

Jioni Vanessa alifunguliwa. Sidonie alikuwa akimngoja nje ya kituo, ameinamisha kichwa.

"Bamemuzika?" Vanessa aliuliza.

"Jana."

"Fasi gani?"

Sidonie akanyoosha mkono. Vanessa alimpita bila kumtazama, akaelekea huko peke yake.