Mume Wangu Aliuza Viuno vya Wateja wa Mama

Nina miaka thelathini na minne, wasomaji wenzangu, na nimerudi kulala kwenye kitanda nilichokiacha nikiwa msichana, nyumbani kwa mama yangu, Mountain View. Siandiki kwa sababu machozi yamekauka... hayajakauka. Ninaandika kwa sababu juzi binti mmoja ninayemfundisha kutengeneza programu za simu aliniambia kwamba mchumba wake ndiye anayemtunzia nywila zake zote. Alisema hivyo akicheka. Mimi nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Mama yangu ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko Kangemi, na ada zangu za shule zilitoka kwenye sare za watoto na magauni ya kina mama wa kanisa. Nilipomaliza chuo, programu ya kwanza ya maana niliyotengeneza nilimtengenezea yeye. Niliiita Tepu.

Kazi ya Tepu ilikuwa rahisi. Fundi anampima mteja, anaingiza kifua, kiuno, nyonga na urefu wa mkono, anapiga picha ya kitambaa, anaweka namba ya simu, basi. Mteja akirudi baada ya mwaka, fundi anaandika jina lake tu na vipimo vinatokea. Haikuhitaji bando wala mtandao.

Mama aliwaonyesha mafundi wenzake, nao wakawaonyesha wenzao. Kabla sijajua, Tepu ilikuwa imefika Kawangware, Uthiru, hadi kwa mafundi wa vyumba vya juu kule katikati ya jiji ambao sikuwa nimewahi kuwaona. Si mnajua mafundi wanavyopenda kuambiana?

Simu zao zilikuwa zile za bei nafuu, zenye mfumo ule wenye nembo ya roboti wa kijani, tena matoleo ya zamani. Wakati huo programu ya simu ilikuwa kama mgeni asiye na adabu. Ukimfungulia mlango, anaingia hadi chumba cha kulala, anasoma namba za watu wako, anaangalia picha zako, na haombi ruhusa. Kisha matoleo mapya yakaanza kuja, kila moja na masharti yake. Programu ikalazimika kuuliza kwanza: naweza kutumia kamera? Naweza kuona picha? Toleo jingine likafunga kabisa mahali nilipokuwa nikihifadhi picha za vitambaa, nikakesha nikiandika upya karibu nusu ya kazi yangu. Wenzangu walilalamika. Mimi, kusema kweli, nilifurahi. Mfumo ulikuwa unajifunza heshima, nami nilikuwa ninakua nao.

Maana vipimo vya mwanamke ni siri, jamani. Mama akipima kiuno cha mteja hutaja namba kwa sauti ya chini, hata kama kibandani hakuna mtu mwingine. Ndivyo alivyofundishwa na fundi aliyemfundisha. Kwa hiyo niliwaahidi mafundi jambo moja: vipimo vitabaki ndani ya simu yako, haviendi popote.

Kulikuwa na fundi mmoja jirani wa mama, Shikuku, Baba Brian, mtu wa Magharibi, mshonaji suti. Huyo hakuwa mwepesi wa kuamini. Aliniuliza, "Dada, hii kitu yako haiwezi kunitobolea siri? Mimi niko na wateja wakubwa wakubwa."

Nikamwambia, "Haiwezi, Baba Brian. Niko hapa."

Nikawafundisha wote, kwa mdomo wangu huu, kwamba wakiona toleo jipya la Tepu limekuja wasiogope. Waguse palipoandikwa kubali. Ni mimi nimelituma.

Kisha nikampenda Dennis.

Tulikutana katikati ya jiji, kwenye mkutano wa sisi watengenezaji wa programu. Yeye hakuwa mtengenezaji. Alikuwa mtu wa mauzo, mwenye viatu vinavyong'aa na maneno yanayong'aa kuliko viatu. Aliniuliza maswali juu ya Tepu ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza. Nani hapendi kusikilizwa? Wazazi wake walikuja nyumbani, ruracio, ile sherehe ya mahari, ikafanyika vizuri, tukafunga ndoa kanisani, tukapanga nyumba Jamhuri. Mama alinishonea gauni mwenyewe.

Baada ya harusi Dennis aliniomba nibebe jina lake kwenye kitambulisho. Alisema mama yake alifanya hivyo, na nyanya yake pia. Wanawake wengi tunaofahamiana tumefanya hivyo, kwa hiyo sikuona neno. Nilipeleka cheti cha ndoa, nikakabidhi kitambulisho changu cha zamani chenye jina la baba yangu, nikapewa karatasi ya kusubiria. Nikasubiri... na kusubiri.

Nikiwa bado na ile karatasi tu mkononi, duka la programu, lile la mtandaoni ambako mafundi walipakua Tepu, likatoa tangazo. Kila mtengenezaji athibitishe yeye ni nani kwa kitambulisho halali, la sivyo akaunti yake ifungwe. Tena Tepu ilihitaji kupandishwa ifuate toleo jipya la mfumo, la sivyo isionekane kwenye simu mpya. Nilituma picha ya ile karatasi ikakataliwa. Nikatuma na cheti cha ndoa, kikakataliwa pia. Akaunti ilikuwa ya binti wa baba yangu, na huyo binti kwa karatasi hakuwepo tena. Mke wa Dennis naye hakuwa amezaliwa bado.

Nililia, wasomaji. Niliona kazi ya ujana wangu wote ikifungwa kwa sababu ya kadi ndogo ya plastiki.

Dennis alinifuta machozi kwa kidole gumba. Akasema, "Babe, kwani ni ngumu? Hamisha tu app kwa account yangu. Mimi niko na ID. Yako ikitoka, tunarudisha."

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, chai iko mezani. Nilifungua akaunti ya jina lake, nikamhamishia Tepu, nikagusa kubali kwa kidole changu mwenyewe. Na si hivyo tu. Nilimpa pia ufunguo.

Niwaeleze, maana hapa ndipo nilipojichimbia kaburi. Kila programu hupigwa muhuri kwa ufunguo wa siri. Simu ya fundi ikipokea toleo jipya haijui nani alikesha akiliandika. Inaangalia muhuri tu. Ukilingana na wa zamani, inapokea. Mwenye ufunguo ndiye mwenye programu, basi. Nami niliuweka kwenye tarakilishi yake pamoja na nywila, nikambusu shavuni. Mke na mume si mwili mmoja?

Mwanzoni hakuna kilichoharibika. Halafu Dennis akaanza kuniambia nimechoka, nipumzike. Akasema amepata vijana wa kunisaidia na toleo linalofuata. Akaanza kuchelewa Upper Hill kwenye mikutano ya wawekezaji, na nikimuuliza ni wawekezaji gani, ananiambia nisiharakishe baraka. Nikaenda kulala nikiomba Mungu abariki mikutano hiyo. Jamani, mimi!

Siku moja mama alinipigia simu, akasema nije kibandani. Hakuniambia kwa nini. Sauti yake ilikuwa ile ya kupimia kiuno.

Nilimkuta amekaa na mteja wake wa miaka mingi, mwenyekiti wa kina mama kanisani. Mama yule alinipa simu yake bila salamu. Kulikuwa na ujumbe wa kampuni moja inayouza nguo zilizo tayari mtandaoni. Ulimwita kwa jina, ukamwambia kwamba gauni la kitenge lenye kiuno chake na nyonga zake liko tayari, aagize leo. Namba zilikuwa zake kabisa.

"Nyokabi, hizo namba nilipatia mama yako pekee yake," akasema. "Hata mzee wangu hajui. Sasa zimefika aje huko?"

Niliichukua simu ya mama, nikafungua Tepu. Rangi zilikuwa zilezile. Lakini toleo lilikuwa jipya, na ndani yake kulikuwa na ruhusa ambazo sikuwahi kuomba maishani mwangu: mtandao, namba za watu, kila kitu. Chini kabisa, mahali pa jina la mwenye programu, paliandikwa jina la ile kampuni ya nguo.

Nilimuuliza mama kama simu ilimwomba ruhusa. Akasema ndiyo, ilileta maandishi mengi ya Kiingereza, naye akagusa kubali kama nilivyomfundisha.

Mnaelewa alichofanya Dennis? Hakuiuzia ile kampuni programu tu. Iliyouzwa ni miili ya wateja wetu! Kampuni iliyotaka kuwanyang'anya mafundi kazi ilipata vipimo vilivyochukuliwa na mikono ya mafundi haohao, na ikavipata kupitia mlango wangu mimi.

Nilirudi nyumbani Jamhuri. Dennis alikuwa anapiga shati pasi. Nilitarajia akane, nilitaka akane, hata uongo ungenifariji. Hakukana. Alisema wamempa kazi pale, ofisi yake, kiti chake, na kwamba mimi ningekalia hicho kitu na mafundi wa Kangemi hadi uzeeni. Nikamwambia Tepu ni yangu.

Hakupaza sauti. "Hiyo app iko kwa jina langu," akasema. "Hata wewe uko kwa jina langu. Sasa shida iko wapi?"

Akageuza shati, akaendelea na kola.

Niliondoka na begi moja. Niliandikia duka la programu, nao wakanijibu kwa adabu kwamba uhamisho ulifanywa na mwenye akaunti kwa hiari yake. Mwenye akaunti nilikuwa mimi. Nilimwona wakili mjini, akaniuliza kama tuliandikiana makubaliano yoyote. Nikampa cheti cha ndoa. Akakiangalia, akaniangalia, akanirudishia polepole. Aliahidi kujaribu, na mpaka leo bado anajaribu. Wiki hiyohiyo kitambulisho changu kikatoka, kimeandikwa jina la Dennis vizuri kabisa, bila kosa hata la herufi moja.

Kisha nikamwona kwenye video, amevaa shati lile, akieleza umati jinsi wazo la Tepu lilivyomjia. Alisema alikuwa akimtazama mama mkwe wake akishona, akamwonea huruma. Watu wakapiga makofi. Mama aliitazama video hiyo hadi mwisho, akanirudishia simu, akaenda kuwafungia kuku bandani.

Lakini kilichoniumiza zaidi si Dennis. Ni mafundi. Walikusanyika kibandani kwa mama, wengine wakiwa wamepoteza wateja wao bora. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Shikuku peke yake ndiye aliyezungumza. "Dada, mimi sikuamini simu. Niliamini wewe," akasema. "Ulituambia ni wewe unatuma."

Sikuwa na uwezo wa kutuma toleo la kuzuia ule wizi, kwa kuwa sikuwa na ufunguo. Simu zao zingemkataa mama mzazi wa Tepu kama tapeli! Kilichobaki ni miguu yangu. Nilitembea kibanda kwa kibanda, Kangemi, Kawangware, Uthiru. Niliketi na kila fundi, nikamsomea vipimo kutoka kwenye simu, kwa sauti ya chini, naye akaviandika kwenye daftari. Tulipomaliza, niliifuta Tepu. Simu inauliza kama una hakika unataka kuiondoa programu hii. Nikagusa ndiyo. Kibanda kinachofuata, simu inauliza tena, nagusa ndiyo. Mtoto nimemzaa mwenyewe, namzika mara kwa mara kwa kidole kilekile kilichomtoa.

Vipimo vilivyokwisha kwenda havikurudi. Hilo sikuweza kulifuta.

Dada zangu, na ninyi kaka zangu mnaotengeneza vitu kwa akili zenu, nawasihi. Pendeni. Oaneni. Beba jina lake ukitaka, sitakucheka. Lakini kazi ya mikono yako usiiweke kwenye jina la mtu hata kwa siku moja, hata kama amekufuta machozi, hata kama chai iko mezani na nyote mmetoka kanisani. Akaunti yako ikifungwa, ifungwe. Utafungua nyingine. Mkitaka kuimiliki pamoja, andikianeni mbele ya mashahidi, na akikasirika kwa kuombwa hilo, mshukuru Mungu kwamba amekasirika mapema. Na usiwafundishe watu wanaokuamini kugusa kubali bila kusoma. Mimi niliwafundisha hivyo, na hiyo ndiyo dhambi ninayolala nayo.

Nimetengeneza programu nyingine. Ina jina jingine, na ufunguo wake hakuna mtu anayeujua isipokuwa mimi. Mafundi wachache wa mjini wameanza kuitumia. Shikuku bado anaitazama kwa mbali. Mama hajaiweka kwenye simu yake.

Nilimwambia juzi, nikiwa nimepiga magoti kibandani nikiokota pini, kwamba hii asiiogope, hii ni yangu.

Hakuacha kushona. "Hata ile ingine ilikuwa yako, Nyokabi," akasema.