Salamu Kutoka Stesheni ya Tatu

Haya, sogeeni, na huyo anayetafuna atafune pole pole. Mtu akisikia jina lake linaitwa na asiyemwona, asiitike. Sababu yake mtaijua sasa hivi.

Kulikuwa na mama mmoja Mkisii, jina lake Moraa, aliyetolewa Nyamira akapelekwa Euless, karibu na Dallas huko Texas, kulea mjukuu. Binti yake Immaculate alikuwa nesi, anafanya kazi usiku, analala mchana, kwa hivyo hiyo nyumba yao ya ghorofa ya pili ilikuwa na sheria moja tu: mchana watu wananong'ona. Ndege za airport zinapita juu mpaka vikombe vinatetemeka, hizo hakuna wa kuzikataza. Moraa akikohoa, anasikia kutoka chumbani, "Mum, please." Mwanamke aliyezoea kuongea na mtu wa mlima wa pili, sasa amekaa kwa zulia na Whitney, mtoto wa miaka minne, mdomo umefungwa.

Immaculate akamhurumia. Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na saba, redio za dijitali ndio zinaingia madukani. Akamletea moja nyeusi, kiasi cha mkate, waya wa antena akaubandika kwa dirisha la jikoni. Akamwambia mama yake kwamba siku hizi stesheni moja inabeba nyingine mgongoni: ya kwanza muziki, ya pili mahubiri, basi, hakuna zaidi. Ikishika, sauti ni safi kama huyo mtu amekaa mezani kwako. Isiposhika, hupati kitu.

Hiyo ya kutopata kitu Moraa hakuipenda. Redio ya nyumbani ikitaka kukuacha inakoroma kwanza, inapiga mluzi, unajua inaenda. Hii ilikuwa inakatika katikati ya neno.

Alhamisi moja anaosha vyombo, akaona namba imeruka yenyewe. Moja, mbili, halafu tatu. Mtu alikuwa anaongea Kiswahili.

Kilikuwa kipindi cha salamu, kile kile cha zamani cha kutuma kadi. Salamu zimfikie fulani, akizipata awasalimie fulani na fulani. Sauti ya mwanamume, tamu, na safi hivi kwamba Moraa alisikia kadi ikigeuzwa, akasikia mate yakimezwa. Akasimama na sabuni mikononi, akijiuliza ni nini kinamsumbua, mpaka akakijua. Huyo mtu hakuwa anavuta pumzi. Majina ishirini, thelathini, hapumui. Na jikoni kukaanza kunuka sufuria inayoungua ikiwa tupu, na jiko lilikuwa limezimwa.

"Salamu zimfikie Moraa wa Euless," redio ikasema, "anayeosha kikombe cha buluu. Akizipata, naye amsalimie mtu."

Nyinyi mngekimbia. Lakini huyo alikuwa amekaa miezi saba bila mtu mzima kumwita jina lake. Alicheka. Akanong'ona, "Nimezipata. Msalimieni Kemunto, mwenye mdomo kama mwiko."

Kemunto alikuwa mke mwenzake kule Nyamira. Miaka thelathini alikuwa akimtukana juu ya ua, ati amezaa msichana mmoja halafu tumbo likafunga duka.

Jumamosi simu ikaja kutoka nyumbani. Kemunto ameamka hana sauti. Anafungua mdomo, ulimi unacheza, hakuna kitu. Daktari amemulika koo, akasema ni koo zuri.

Jumatatu stesheni ya tatu ikafunguka, na aliyekuwa akisoma salamu ni Kemunto. Kwa upole, kama mtoto wa shule. Moraa akaacha vyombo kwa maji. Halafu, na hili hakumwambia mchungaji wala mtu, akavuta kiti akasikiliza mpaka Whitney akalia njaa. Ule mdomo wote wa miaka thelathini, na sasa anaweza kuupunguza kwa kidole kimoja. Alipoombwa salamu zingine, hakufikiri sana. Akamtaja Patroba, shemeji yake, aliyemzomea siku ya kumzika mumewe. Keshokutwa Patroba akawa kimya huko, na huku akawa anasoma majina.

Sasa, hiyo stesheni mwanzoni ilikuwa inashika dirishani tu. Antena ukiisogeza kidogo, imepotea. Baada ya Kemunto ikashika nyumba nzima. Baada ya Patroba, Immaculate akawa analalamika kwamba kwa gari, njia yote mpaka Cedar Hill, kuna Waswahili wanasoma majina na hajui ni kanisa gani limewaweka. Halafu Wacuka, rafiki yao wa Houston, akapiga simu. Houston ni mwendo wa saa nne kwa gari, redio ya Dallas haifiki huko hata ipande mti. Wacuka alikuwa analia. Alisema amepata stesheni ya Kiswahili, safi sana, mama mmoja Mkisii anasalimia watu, naye kwa mchezo akamtumia salamu mzee wake. Leo mzee ameamka haongei.

Hapo ndipo Moraa aliogopa. Akazima redio, akachomoa waya ukutani, na redio ikaendelea kuongea. Hakuitika siku hiyo, wala ya pili, akatembea na pamba masikioni, na harufu ya ile sufuria ikamfuata mpaka kwa mto wa kulalia. Siku ya tatu, jua kali la mchana, Kemunto na Patroba wakasema pamoja, neno kwa neno, bila pumzi: "Moraa hasalimii. Basi tutamsalimia wenyewe aliye karibu. Kesho saa kumi, salamu zitamfikia Whitney."

Mtoto alikuwa kwa zulia anaimba wimbo wa herufi zake.

Fort Worth kulikuwa na mama Mkongomani, Clothilde, mtu wa maombi, kazi yake kwa warehouse. Wengi walikuwa wanamwita kimya kimya kwa mambo kama hayo. Moraa akampigia simu, naye akaja kesho yake saa sita, na buti zake za kazi na chupa ya mafuta. Wakaongea kwa kunong'ona, maana Immaculate alikuwa amelala.

"Mama Moraa, usinifiche," Clothilde akasema. "Ulitajaka watu ngapi?"

"Wawili."

"Na ulifurahiaka?"

Moraa akatazama sakafu. Clothilde akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa.

"Haiko redio inasema. Iko kitu inakulaka sauti, na ni weye uliifunguliaka mulango. Jina la mutoto litaondolewa humo na jina moja tu. Yako."

Akamweleza yote: ajisalimie mwenyewe kabla ya saa kumi. Sauti yake itaenda na haitarudi. Baada ya hapo, mpaka jua lizame, mtu yeyote ndani ya nyumba asiiitikie, hata neno moja, nayo itaona njaa itoke.

Moraa akaomba dakika moja. Akaenda mlangoni kwa Immaculate akamwangalia. Alitaka kumwamsha amwambie kitu, lakini binti yake alikuwa amesimama masaa kumi na mawili na wagonjwa, akamwacha. Akapiga magoti kwa Whitney. "Mjukuu wangu, leo redio ikikuita, usiijibu. Umesikia?"

"Okay, Grandma."

Akasimama mbele ya redio. "Nimezipata," akasema. "Msalimieni Moraa wa Euless." Na hapo kitu kikatoka kooni kwake, bila uchungu, kama uzi unavyotoka kwa nguo. Redio ikanyamaza. Harufu ikaisha. Clothilde akapaka milango mafuta, akaitia redio kwa mfuko wa takataka akaenda kuiponda, maana shifti yake ilianza saa nane na huko hawasubiri mtu.

Saa tisa ikapita. Saa kumi ikafika, ikapita, na Whitney akawa bado anaimba, na Moraa akalia machozi yasiyo na sauti, akamkalisha katikati ya magoti, mgongo ukimwelekea, akaanza kumsuka. Nyumba ilikuwa imetulia, vidole vyake vimezama ndani ya nywele, uzi umejizungusha kwa dole gumba, na ile stesheni, ambayo ilianzia dirishani ikafika sebuleni ikafika kwa magari ikafika Houston, sasa haikuhitaji hata redio, ikaongea pale pale nyuma ya kichwa cha mtoto, kwa sauti ya Moraa mwenyewe, na kikohozi chake na Kikisii chake ndani ya Kiswahili, safi hivi kwamba hata yeye alidhani koo limerudi.

"Whitney, tumsalimie nani leo?"

Mtoto hakujibu redio. Redio ilikuwa imeenda. Alimjibu nyanya yake, aliyekuwa anamsuka. Moraa akang'oa mikono, nywele zikakatikia kwa uzi, akaleta kiganja mdomoni kwa mtoto, na maneno yakapita katikati ya vidole.

"Say hi to Mommy."

Huko chumbani kitanda kikalia. Mlango ukafunguka, Immaculate akatoka na nguo ya kulala, mkono umeshika shingo, macho yanauliza. Mama na binti wakafungua midomo pamoja, wakaona hakuna kinachotoka kwa mmoja wala mwingine.

Whitney alikuwa bado amewapa mgongo, anajipapasa nywele. Hapo karibu na sikio lake sauti ya mama yake ikamwita, pole pole, vile mama alivyokuwa anamwita akitoka kazini. Naye mtoto, kwa adabu aliyofunzwa, akaitika.