Mchanga wa Mkwe Haupimwi

Nina miaka thelathini na sita, sijaolewa, na kazi yangu ni kupima mchanga. Msicheke! Hapa Meru watu wanajenga kila siku, na mchanga wa mlimani si wa kuaminiwa. Mwingine ni vumbi na udongo mtupu, saruji haishiki. Nimekataa malori mengi hadi madereva wananiita mchawi.

Sasa niambieni... mtu kama mimi anadanganywaje kwa mchanga?

Mwenda alikuwa mchumba wangu. Mwanakandarasi, mpole, mtu wa kanisa. Alipokuja kwetu kujitambulisha alisema kwamba kabla ya harusi atamjengea mama yangu nyumba ya mawe pale Kiirua, atoke kwenye ile ya mbao. Mama alilia kwa furaha. Tukaenda na Mwenda hadi mtoni kule Mbeere, nikachagua mchanga mwenyewe. Ulikuwa mweupe, chembe kali, unametameta juani. Nikaufinya, ukamwagika wote bila kuacha doa kiganjani. Nikamwambia, huu ndio.

Lakini lori lilifika nikiwa kazini. Jumamosi nikakuta rundo limefunikwa turubai na kufungwa kamba kama mzigo wa miraa. Mchanga unafungwa kamba? Mwenda akasema anazuia mbuzi wasiuchafue. Mbuzi gani, na mama hafugi mbuzi?

Alipoondoka niliingiza mkono chini ya turubai. Kiganja kikatoka cheusi! Nikaokota kokoto mbili zilizochanganyika humo nikazigonga. Kokoto nzuri hulia ngi! Hizi zilimeguka kama biskuti.

Nikachukua chupa. Ukitia mchanga na maji, ukatikisa na kuacha itulie, matope yenyewe yanajitenga juu ya mchanga. Mama akaninyang'anya! Alinifokea kwa Kimeru kwamba zawadi ya mkwe haipimwi, kwamba nikiipima mbele ya mafundi nitakuwa nimemwita mwizi, na hatarudi tena.

"Na kwa umri huo wako," akasema, "unangoja nani mwingine?"

Jameni, yalinichoma. Sikupima.

Ukuta ukapanda. Mimi nikabaki na wasiwasi wangu... Mbona simu ya Mwenda ikilia anatoka nje? Mbona kila wikendi ana kazi Embu? Nikiuliza juu ya mchanga ananibusu kwenye paji la uso na kusema nimezoea kushuku kila kitu. Nyumba ikaisha, mchungaji akaibariki, mama akahamia.

Kisha nikatumwa Embu, mtaa wa Majimbo, kukagua kokoto za jengo fulani. Nyumba ya jirani ilikuwa inapigwa plasta. Nikasimama ghafla. Ule mchanga... mweupe, unametameta! Nikaufinya. Kiganja safi!

Nikamuuliza mwanamke aliyekuwa akianika nguo ameutoa wapi. Akajibu kwa maringo kwamba mume wake ni mwanakandarasi, ameuleta mwenyewe kutoka Mbeere. Akamwita anieleze. Akatoka Mwenda, amevaa ndala, mtoto begani.

Nilitaka kupiga mayowe, lakini mawingu yalikuwa yamefunga upande wa mlima, nikamkumbuka mama ndani ya zile kuta za mchanga mchafu. Nikamwacha Mwenda pale akibabaika, nikampigia mama simu. Nilimsihi atoke, akalale kwenye nyumba ya mbao. Nilimwambia yote. Hakuniamini! Alisema nimegombana na mwanamume wa watu sasa natafuta kisingizio, na kwamba kwenye nyumba aliyojengewa na mkwe hatoki kwa maneno ya simu.

Mvua ilinyesha nikiwa njiani. Nilipofika Kiirua majirani walikuwa wanamtoa chini ya ukuta wa chumbani. Hakufa, namshukuru Mungu... Lakini nyonga ilivunjika, na hadi leo hawezi kusimama bila kushikwa.

Na mnajua kinachoniua? Wageni wakija kumwona, mama huwaambia ni mvua iliyoangusha ukuta. Mvua tu! Mwenda hamtaji kabisa. Mimi nimekaa kando namlisha uji, nasikia yote.

Dada zangu, heshima isiwafumbe macho. Moyo ukishashuku, chunguza hapo hapo, hata kama ni zawadi, hata kama wakwe wote wamesimama wanatazama. Mwenye nia njema atacheka tu. Na mama yako akinuna, mwache anune... afadhali anune akiwa anatembea.